Ukiona Dagaa Mkono wa Kushoto

Mtu akifunga kibanio cha chuma kwenye suruali yake asubuhi, mguu wa kulia, ili isinaswe na mnyororo wa baiskeli, halafu jioni akakifungua bila kupanda baiskeli yoyote katikati, mimi namtazama mara mbili. Mzee wa Njia nilimtazama hivyo kwa miaka. Duka lake lilikuwa Gerezani, kwenye mtaa wa vipuri ambako ukisimama vibaya unaondoka na grisi kwenye gauni, na basi la mwendokasi linapopita barabara kubwa matairi aliyoyaning'iniza mlangoni yanatikisika. Aliuza tyubu, spoku, breki na baiskeli za mtumba, zile za mbio zenye tairi nyembamba. Lakini jina lake hakulipata kwa kuuza. Alilipata kwa kutoa njia. Ukitaka kuendesha baiskeli Kanda ya Ziwa, kutoka Mwanza kwenda Bunda, au kuzunguka upande wa Sengerema, au kuvuka kwenda Ukerewe, ulimfuata yeye, naye alikuelekeza kijiji kwa kijiji, bila ramani, bila simu, akiwa amekaa juu ya tairi la gari.

Mimi nauza vitenge vya jumla Kariakoo na ninaishi Mchafukoge, ghorofa ya tatu, ngazi zenyewe mazoezi tosha. Kwetu ni Kilimanjaro. Sikuzaliwa na moyo wa kushuku watu; biashara ndiyo iliyonifundisha. Mtu akiniambia kitenge hakichuji rangi, nakichovya kwenye ndoo mbele yake na tunangoja wote wawili. Sasa mzee wa Pwani, mwenye lafudhi ya Pwani, ambaye duka lake sijawahi kulikuta limefungwa isipokuwa sikukuu, alipata wapi muda wa kulizunguka ziwa lile kwa baiskeli? Swali hilo nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza, ila sikuwa na ndoo ya kulichovya.

Aliyenifikisha pale ni binti yangu, Upendo. Alisoma mambo ya utalii, akamaliza, akazungusha barua za kuomba kazi mpaka soli ya kiatu ikaachia. Ndipo akajiunga na vijana wa baiskeli, wale wanaotoka Jumapili asubuhi na kofia ngumu kichwani na nguo za kubana ambazo mimi sizisemei kitu. Siku moja akaja na wazo. Wageni wanapelekwa mbugani na mlimani, akasema, lakini hakuna anayewapeleka kuzunguka Ziwa Viktoria kwa baiskeli, vijijini, kwenye mawe na mihogo na miti ya maembe. Yeye atawapeleka. Njia tayari anazo, amepewa na Mzee wa Njia. Nilimuuliza huyo mzee naye amepewa na nani, akacheka, akaniambia, "Mama, wewe hata Yesu ungemwomba kitambulisho."

Basi nikaenda kumwona mwenyewe. Nilimkuta na wateja wawili vijana, na nikaona ile desturi yake ambayo baadaye niliizoea. Hakuwa anamruhusu mtu aandike. Alikuwa anasema kipande cha njia, polepole, huku anazungusha rimu mbele ya macho yake kutafuta ilipopinda, kisha anasema neno moja tu: "Rudia." Kijana anarudia. Akikosea, mzee anaanza tena tangu mwanzo, hana hasira, hana huruma. Waliosoma madrasa waliuzoea mtindo huo haraka. Wengine walitoa simu mfukoni, naye akawa anawaambia, "Simu inajua barabara. Haijui mbwa." Na kweli mbwa aliwajua. Alijua ni nyumba gani kabla ya Kibara ina mbwa mweusi anayefukuza tairi la nyuma, na kwamba ukishuka ukatembea anakutikisia mkia.

Upendo alirudia njia hizo nyumbani akiosha vyombo, akifua, akipanda ngazi na madumu ya maji siku mabomba yalipokauka. Na mimi bila kutaka nikazishika. Hata leo naweza kukuelekeza: ukitoka Kibara iache barabara kuu, ina malori, shika njia ya ndani ya kando ya ziwa, pita mashine ya kusaga yenye mlango wa kijani, pita shule, ukiona dagaa wameanikwa mkono wa kushoto, mchanga wote unametameta, hapo kata kulia, panda kilima, utatokea Kisorya kwenye kivuko. Naelekeza mahali ambapo sijawahi kukanyaga. Hilo peke yake lingetosha kunifungua macho, lakini wakati ule sikuliona hivyo.

Nilichokiona ni baiskeli yake. Ilikuwa ya kijani, imetundikwa juu ukutani nyuma ya kaunta, na kila aliyeuliza aliambiwa hiyo ndiyo iliyozunguka ziwa. Watu waliitazama kwa heshima kama picha ya marehemu. Siku moja mzee alikwenda kuswali Adhuhuri akaniacha nikimlindia duka, nikapanda kigoda. Tairi bado lilikuwa na vile vinyweleo vya mpira ambavyo tairi jipya hutoka navyo kiwandani na ambavyo huisha siku ya kwanza ukiendesha. Pedali hazikuwa na mkwaruzo. Kiti kilikuwa kinang'aa. Mimi najua kitu kilichotumika na kitu kilichokaa. Ndiyo riziki yangu. Aliporudi nikamuuliza habari ya tairi.

"Nimebadilisha," akasema.

"Na pedali?"

"Nazo."

"Na kiti?"

"Mama Upendo," akasema, "wewe ungekuwa polisi wa bandarini, nchi hii isingeingiza hata kiberiti." Akaniletea kahawa. Kahawa yake ilikuwa nzuri mno, na hata hilo nilimshuku nalo, kwa maana mtu anayekukaribisha vizuri hivyo ana jambo.

Nisimfanye mbaya bure. Alikuwa na mambo yaliyonishinda kuyapanga upande mmoja. Alikuwa mbahili wa pampu, haruhusu mkono wa mtu kuigusa, na hapo hapo angeweza kumpa mwendesha guta la mizigo asiyemjua tyubu nzima. Alikataa kumuuzia baiskeli bwana mmoja aliyekuja na gari kubwa, kwa sababu bwana yule aliingia dukani bila salamu. Akamwambia hazipo, wakati zimepangwa nyuma yake. Paka wa Gerezani wote walikuwa wake. Aliwalisha vichwa vya dagaa akiwasimanga kwa uvivu, na tyubu iliyogoma kuzibika aliitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika, kisha akaenda kutia udhu. Jioni alifunga duka na kwenda kwake Buguruni kwa miguu, akikokota baiskeli ya mteja pembeni, mkono mmoja kwenye kiti na mmoja kwenye usukani, kama anayemsindikiza mgeni. Nikamuuliza kwa nini haipandi. Akasema anausikiliza mnyororo. Ukipanda, uzito unaficha sauti. Mafundi wenzake walitikisa vichwa kukubali. Mimi nilitembea mpaka Mchafukoge nikitafakari mnyororo gani unahitaji kusikilizwa hadi Buguruni kila siku ya Mungu.

Kilichonisumbua zaidi ya yote ni vitu alivyovijua. Mwanamume anayepita na baiskeli anakumbuka vilima, mashimo, mahali pa soda baridi. Huyu alijua nyumba ipi inakupa maji ya kuoga bila kukuuliza wewe ni mtoto wa nani. Alijua choo cha staha kiko wapi, chenye mlango unaofunga. Alijua kivuli kipi kinahama mchana na kipi hakihami, na wapi mtu anaweza kuacha mzigo wake juani asiibiwe. Nilisema moyoni, huyu ana mwanamke huko. Au ana mwanamke hapa aliyetoka huko.

Nikamfuatilia. Sioni aibu kulisema. Alhamisi asubuhi, magunia ya dagaa yakishafika kutoka Mwanza, mzee alimwachia jirani duka na kwenda kukaa na kina mama wanaouza dagaa kwa jumla pembeni mwa soko. Aliyekuwa akikaa naye zaidi ni Mama Bwire, Mjita wa kutoka huko huko ziwani, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya pili ya barabara. Nilijibanza kwenye duka la ndoo, nikasikiliza. Nilitegemea mapenzi. Nikasikia mambo ya ajabu zaidi.

"Eti pale shuleni," mzee alikuwa anasema, anachambua dagaa mmoja mmoja, "lile daraja la magogo bado lipo?"

"Lilishaondoka. Wameweka kalavati."

"Haya. Na yule mbwa?"

"Mbwa yupo, anazeeka kama wewe."

"Na dagaa bado wanaanika pale pale kabla ya kona?"

"Bado. Mkono wa kushoto, unafumba macho kwa kung'aa."

Alikuwa anauliza kama mtu anayekumbuka. Kila swali lilikuwa na "bado" ndani yake, kama vile aliacha mambo yakiwa hivyo alipopita mara ya mwisho. Na Mama Bwire alimjibu kama mwenyeji anavyomjibu mwenyeji mwenzake. Pale kwenye ndoo za plastiki niliipata ndoo yangu. Mzee yule hakuwahi kufika ziwani. Njia zake zote zilikuwa za kina mama wa dagaa, kipande kwa kipande, na yeye alikuwa anazishona.

Nilimkabili siku hiyo hiyo. Nilimsalimia kwanza, nikangoja marahaba yangu, kisha nikamuuliza mara ya mwisho alikwenda Ukerewe lini.

Alinyoosha mkono akashika upindo wa kitenge nilichojifunga. "Hiki kimetengenezwa wapi?"

"China."

"Umefika?"

"Sijafika. Na sijawahi kumwambia mteja kwamba nimefika."

Akaachia upindo. Nadhani nilimwona akitaka kusema, lakini mteja akaingia kuulizia spoku, na mzee akamgeukia kwa furaha isiyo ya kawaida. Nikarudi nyumbani nikamwambia Upendo kila kitu. Nilimwambia mwili wake na riziki yake anaviweka juu ya maneno ya mtu aliyekaa Gerezani, na kwamba asiende. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kina mama wale si waongo, njia ni zile zile, na kwamba mimi nilikuwa nikitafuta sababu ya kumkataza tangu mwanzo. Hapo hakukosea sana. Ni mtoto wangu wa pekee, na nilikuwa naogopa.

Akaenda. Walikuwa waende watatu, wenzake wakapata udhuru, akaenda peke yake. Alipanda basi mpaka Mwanza, baiskeli kwenye buti, akaanza kuendesha. Jioni ya kila siku alinipigia. Magu salama, Bunda salama, watu wema, matako yanauma. Kibara alinipigia asubuhi: "Mama, natoka sasa hivi, mchana nitakuwa Kisorya nangoja kivuko." Mchana ulifika, ukapita. Nilipiga, nikaambiwa namba haipatikani. Nikapiga tena. Wateja walisimama mbele yangu wakiulizia doti, nami sikuwaona. Saa tisa nilimwachia msaidizi wangu duka nikaondoka, na sikumbuki nilivukaje Mtaa wa Msimbazi.

Mzee alikuwa na Mama Bwire, aliyekuja kuziba pancha ya guta lake. Sikumsalimia mtu. Nikasema, "Mtoto wangu hapatikani. Yuko kwenye njia yako."

Niliwaza atajitetea. Hakujitetea. Aliniuliza alipita wapi mara ya mwisho, nikamwambia Kibara. Akaniambia, kwa sauti ndogo, "Sema njia yake." Nikasimama katikati ya duka la baiskeli, mwanamke mzima, nikarudia njia kama wale vijana: barabara ya ndani, mashine ya kusaga, mlango wa kijani, shule, ukiona dagaa mkono wa kushoto.

"Dagaa gani?" Mama Bwire akasema.

Tukamgeukia.

"Leo dagaa gani wataanikwa? Hamjautazama mwezi? Huu ni wakati wa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, watu hawavui. Wanashona nyavu. Mchanga unakuwa mtupu, utapita hujui kama umepita."

Mzee alikaa juu ya tairi lake. "Bado wanaanika," akasema. "Kila mara uliniambia bado."

"Kwani sisi tunakwenda kule lini? Tunakwenda wakati wa giza, mwezi ukiwa haupo, kununua. Mwezi ukitoka tuko hapa tunauza. Macho yetu hayajui kule bila dagaa." Akamtazama vizuri. "Lakini wewe unajua hayo. Si umefika?"

Duka zima lilikuwa linamsikiliza. Hata jirani yake, fundi wa viti vya pikipiki, alikuwa ameacha nyundo.

"Sijafika," mzee akasema.

"Ungeniambia." Mama Bwire hakupandisha sauti, na kwa mwanamke yule hilo lilikuwa jambo zito. "Ningejua hujafika ningekuelezea mwezi siku ya kwanza. Aliyefika nitamwelezaje mambo ya mwezi? Nitakuwa namdharau."

Hasira niliyokuwa nimeibeba kutoka Kariakoo ilitaka kumshukia pale pale. Nilikuwa na maneno tayari, mengi, nimeyatunza kwa miaka. Lakini Mama Bwire alikuwa ameshatoa simu kwenye kifua chake na kuanza kupiga. Alimpigia wifi yake Kibara, kwa Kijita, kwa sauti yake ile ya soko. Wifi alimpigia mwenye mashine ya kusaga. Akapatikana mtu aliyemwona msichana mwenye kofia nyekundu akipita shule na kuendelea mbele. Mtu mwingine akatumwa na pikipiki. Sisi tulikaa. Mzee hakuleta kahawa. Nilimwona akiinama, akafungua kibanio kwenye suruali yake, akakiweka juu ya kaunta taratibu, kama kitu cha mtu mwingine.

Kabla ya Magharibi simu ilirudi. Upendo alikuwa amepatikana. Alipita mchanga mtupu, akaendelea, njia ikawa nyembamba, ikamfikisha kwenye mwalo mdogo usio na mtu, mitumbwi imepinduliwa kukaushwa. Akijaribu kugeuza, tairi la mbele likazama mchangani, akaruka juu ya usukani. Kifundo cha mkono kilivimba, simu ilipasuka kwenye jiwe. Bibi mmoja alimwona, akamchukua kwake, akamfunga mkono kwa khanga, akampa ugali na sato. Nilisikia sauti ya mwanangu kwenye simu ya mtu nisiyemjua. "Mama, usilie," akasema. Nilikuwa silii mpaka aliposema hivyo.

Nikiwa nalia ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikulipenda. Mtu aliyempoteza mwanangu na watu waliompata walikuwa kundi moja. Kama mzee asingekaa na kina mama wale Alhamisi baada ya Alhamisi, pasingekuwa na wa kumpigia. Na kama angewaambia ukweli, pasingekuwa na haja ya kumpigia mtu. Nilishindwa kumsamehe na nikashindwa kumtukana. Niliondoka bila kumuaga, na kwetu sisi hilo ni tusi pia.

Baada ya hapo mzee akabadilika, na mabadiliko yake sikuyafurahia kama nilivyotarajia. Vijana walikuja kutaka njia, akawaambia, "Muulizeni Upendo, yeye amefika." Alisema bila kijembe. Aliuza spoku zake, aliziba pancha zake, akanyamaza. Kibanio kilibaki kwenye kaunta, kikawa kinatumika kubania risiti. Mafundi wa mtaani walimtania wiki ya kwanza, kisha utani ukawaishia wenyewe, kwa sababu mtu asiyejibu hachekeshi. Mama Bwire hakuja Gerezani kwa muda. Halafu Alhamisi moja nilimwona mzee akienda kwake kama zamani, akachukua kigoda, akakaa mbali kidogo, na yule mama akamsogezea gunia la kuchambua bila kumtazama.

Upendo ndiye aliyekataa kumkasirikia. Alirudi na mkono umefungwa, na kabla ya kunisalimia vizuri alitaka kwenda Gerezani kumwambia mzee kwamba mbwa mweusi kweli alimtikisia mkia. Aliirekebisha njia. Sasa wageni wake wanaambiwa: pita shule, na kama mwezi haupo utaona dagaa, na kama ni mbalamwezi tafuta jiwe kubwa lenye mpasuko, liko pale pale kwenye kona. Anaongoza watu kule, anaishi kwa kazi hiyo, na kila anaporudi anapitia dukani kwa mzee kumsimulia. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua. Akasema, "Mama, nimewaona watu waliofika kule mara kumi wakirudi na picha tu. Yule mzee anauliza vizuri."

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni Jumapili moja asubuhi. Nilikuwa nakwenda ibada ya kwanza, nimevaa vizuri, Biblia kwapani, nikakatiza Mtaa wa Narung'ombe. Jumapili asubuhi ndiyo wakati pekee ambao Kariakoo inagundua kwamba mitaa yake ina lami. Siku nyingine ni miguu ya watu na maboksi. Maduka yamefungwa, mtaa mtupu mpaka mwisho. Katikati yake alisimama Mzee wa Njia na ile baiskeli ya kijani, imeshuka ukutani. Suruali yake ilikuwa na vumbi upande mmoja, kuanzia goti mpaka kiunoni. Kibanio kilikuwa mguuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Upendo."

"Unausikiliza mnyororo?"

Nilisema kwa kumchokoza. Yeye alitazama juu ya mtaa, akatazama chini ya mtaa, akaona hakuna mtu mwingine.

"Sijui kupanda," akasema.

Nilidhani anasema baiskeli ile. Akasoma uso wangu. "Yoyote. Sijawahi kujua. Nilipokuwa mdogo baiskeli ilikuwa ya baba, haiguswi. Nilipokuwa mkubwa nikaanza kuziuza. Sasa muuza baiskeli atamwambia nani amfundishe?"

Miaka yote ile nilishuku habari ya ziwa, nikashuku habari ya wanawake, nikashuku kahawa. Hilo halikunipitia kichwani hata mara moja. Nilijisikia mjinga, na nikamkumbuka anavyotembea kwenda Buguruni jioni, mkono kwenye kiti, mkono kwenye usukani, amejipinda kidogo.

Akaniambia Upendo anapeleka wageni tena, na safari hii ni mbalamwezi. Huyo mtoto amemwambia waende wote, akauone ule mchanga ukiwa mtupu. Naye mzee amekubali.

"Si uende kwa basi," nikasema. "Utawakuta huko huko."

"Nimefika kwa mdomo inatosha. Hii nataka nifike."

"Basi Upendo akufundishe, ana moyo wa kufundisha kuliko mimi."

Alitikisa kichwa. "Upendo ananiamini bado. Wale vijana wananiheshimu bado, sijui kwa nini. Mbele yao siwezi kuanguka. Wewe hujawahi kuniamini hata siku moja." Akasema hivyo kwa adabu kabisa, kama anayenisifia. "Mbele yako naweza."

Maneno hayo yaliniuma na yakanipa heshima kwa pamoja, na sikujua nipokee lipi kwanza. Kengele ya kanisa ilikuwa imeshaanza. Mimi nilijifunza baiskeli Kilimanjaro, kwenye mteremko, kwetu ukikosea unapokelewa na migomba. Kufundisha tambarare kusingenishinda. Nikaweka Biblia na mkoba kwenye kibaraza cha duka moja, nikakunja kitenge changu kiunoni, nikashika kiti kwa nyuma kwa mikono miwili.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

"Kweli?"

"Mzee, mimi simwachii mtu kirahisi. Wewe unalijua hilo."

Alikanyaga pedali. Nilimkimbiza, gauni la ibada na viatu vya ibada, na baiskeli ikatikisika kulia, ikatikisika kushoto, naye akiwa ameng'ang'ania usukani na kutazama chini, anatazama tairi, jambo ambalo amewakanya vijana wasilifanye miaka yote. Nikamwambia atazame mbele. Akatazama mbele. Akaenda, nasema ukweli, alikwenda kuanzia duka la masufuria hadi duka la mapazia. Kisha tairi likapinda na wote wawili, mzee na baiskeli, wakalala juu ya lundo la maboksi, na mimi juu ya kiti.

Alibaki amekaa kwenye lami, anajipapasa kiwiko. Kile kibanio kilikuwa kimefyatuka. Akakiokota, akakishika mkononi, akaninyanyulia uso. Nilimjua vya kutosha kujua anangoja nini. Alingoja nimwambie basi, umri umekwenda, umejaribu, kanisa linanisubiri.

"Rudia," nikamwambia.